Final Fantasy: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Anayetaka kuanza Final Fantasy leo hukutana kwanza na namba. Gemu ya karibuni zaidi katika mfululizo mkuu ni ya XVI, iliyotoka mwaka 2023, na ukiiona dukani ni rahisi kudhani una deni la gemu kumi na tano kabla hujaigusa. Huna. Karibu kila namba ina dunia yake na watu wake, na hadithi huanza na kwisha humohumo. Clive wa XVI hamjui Tidus wa X, na Tidus hajawahi kusikia habari za Cloud wa VII. Kulijua hili tu kunaokoa pesa, maana bei za mfululizo huu dukani mtandaoni huanzia kama dola 12 na kufika dola 70 kwa gemu moja, na bei hiyo haikuambii hata kidogo ipi itakukaa moyoni.

Bei ninazotaja hapa ni bei kamili kabla ya punguzo, nazo hubadilika mara kwa mara. Dola moja nimeikadiria kwa shilingi 130 za Kenya au 2,600 za Tanzania, ili msomaji apime kwa mfuko wake.

Tuanze na yale yanayojirudia, kwa sababu ndiyo mnunuzi anayoahidiwa kila anapoliona jina hilo. Gemu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Square nchini Japani mwezi Desemba 1987, kwa mashine ya Famicom, chini ya Hironobu Sakaguchi. Tangu hapo vitu fulani vimekuwa vikirithiwa. Chocobo, ndege mkubwa wa manjano anayepandwa kama farasi, aliingia kwenye gemu ya II mwaka 1988. Moogle, kale kanyama keupe kenye kishungi kichwani, kalikuja na ya III mwaka 1990. Kuna mtu aitwaye Cid, kila mara mwingine kabisa, lakini karibu kila mara ana uhusiano na merikebu zinazopaa angani. Uchawi wa moto huanza na Fire, hupanda kuwa Fira, kisha Firaga. Mwenzako akianguka vitani unamwinua kwa Phoenix Down. Ifrit, afriti wa moto, huitwa akusaidie, na pengine Shiva wa barafu au joka Bahamut. Juu ya yote kuna muziki: ule utangulizi wa nyuzi za kinubi alioutunga Nobuo Uematsu ungali unasikika, kwa sura hii au ile, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Maudhui nayo yanarithiwa. Kikundi kidogo cha watu wasiofanana hukutana njiani na kukataa jambo ambalo dunia nzima imeambiwa halikataliki. Katika VII ni kampuni iitwayo Shinra, inayofyonza uhai wa sayari na kuuuza kama umeme. Katika IX ni Vivi, mchawi mdogo mwenye kofia kubwa, anayejiuliza ameumbwa kwa ajili gani na ana siku ngapi za kuishi. Katika XVI fuwele kubwa ambazo watu wanazitegemea kwa maji na moto zinahusika na kufa kwa ardhi yao. Nayo X, ambayo naiona ndiyo yenye ujasiri kuliko zote, inahoji dini iliyowafundisha watu wa nchi ya Spira kwamba janga linalowaua ni adhabu ya dhambi zao wenyewe. Yuna anakwenda hija ya hekalu hadi hekalu ili alete amani, na kadiri safari inavyosonga ndivyo unavyoanza kuuliza amani hiyo inalipiwa na nani.

Urithi huu wote unaupata kwenye gemu ya dola 12 sawasawa na kwenye ya dola 70. Kwa hiyo usilipie jina wala ndege wa manjano. Kinachotofautisha gemu moja na nyingine, na kinachoamua kama utafika mwisho au utaiacha baada ya wiki, ni namna ya kupigana. Utatumia saa nyingi zaidi kwenye mapambano kuliko kwenye kitu kingine chochote.

Kuna namna tatu kubwa. Ya kwanza ni ya zamu: wewe unachagua, adui anangoja, kisha naye anafanya lake. Ndivyo zilivyo I hadi III, na X. Ya pili ililetwa na gemu ya IV mwaka 1991, kwa ubunifu wa Hiroyuki Ito: kila mhusika ana kipimo cha muda kinachojaa, kikijaa ndipo unaagiza, na wakati wewe unafikiri adui naye anajaza chake. Hiyo ilidumu hadi IX. Ya tatu ni ya vidole vyepesi: unakwepa, unapiga, unarukia, yote papo hapo, kama ilivyo XV na XVI. XII na XIII ziko katikati. XII, kwa mfano, inakuruhusu kuwaandikia wenzako masharti mapema, kwamba mwenzako akibaki na uhai chini ya nusu mpe tiba, adui akiwa dhaifu kwa moto mchome, nao wanapigana wenyewe huku wewe unasimamia.

Nikae kidogo kwenye X, kwa sababu inaonyesha vizuri zamu inaweza kuwa na raha gani. Kulia juu ya kioo kuna safu ya picha ndogo, yaani foleni ya nani atapiga lini, marafiki na maadui pamoja. Ukigusa uchawi wa kuchelewesha, foleni inajipanga upya mbele yako kabla hata hujathibitisha. Anakuja mdudu anayeruka: upanga wa Tidus unamkosa, mpira wa Wakka unampata. Anakuja mwenye gamba gumu: Auron analivunja. Anakuja wa majimaji asiyesikia chuma: Lulu anamchoma kwa radi. Unaweza kumtoa mtu katikati ya pambano na kumwingiza mwingine bila kupoteza zamu, kwa hiyo wahusika wote saba wana kazi. Hakuna anayekuharakisha. Mtu anayecheza usiku baada ya kazi, amechoka, bado anaweza kuicheza kwa akili yake yote.

X inauzwa pamoja na mwendelezo wake, X-2, kwa takriban dola 30 kwenye duka la mtandaoni la Steam, yaani kama shilingi 3,900 za Kenya au 78,000 za Tanzania. Ya kwanza ina saa zisizopungua 45 za hadithi, ya pili kama 30. Hiyo ni karibu senti 40 za dola kwa saa moja, na mara kadhaa kwa mwaka bei hushuka hata kufika nusu. Toleo la kompyuta pia lina vitu ambavyo la PS4 na la Switch hayana: kuharakisha mwendo mara mbili au mara nne, na kuzima mapambano ya kushtukiza. Kasoro yake ni moja na inaudhi kweli: maigizo ya X hayarukiki. Ukishindwa na adui mkubwa utayatazama tena neno kwa neno kabla hujarudi vitani.

Anayenunua kadi ya mtumba ya X/X-2 ya Switch awe macho. Katika toleo la kanda nyingi za nje ya Japani, kadi ndani ya boksi ina X pekee. X-2 hupakuliwa kwa namba ya siri inayotumika mara moja. Muuzaji wa mtumba akikwambia gemu mbili kwa bei moja, muulize kama namba hiyo haijatumika. Mara nyingi imeshatumika.

Tuje sasa kwenye VII, ambapo pesa nyingi hupotea. Ile ya asili ya mwaka 1997, iliyotoka kwa PlayStation katika CD tatu, kwenye kompyuta inauzwa takriban dola 12. Hadithi nzima imo, mwanzo hadi mwisho, karibu saa 40. Lakini hadithi hiyohiyo inatengenezwa upya katika sehemu tatu. Ya kwanza, Remake, ilitoka mwaka 2020. Ya pili, Rebirth, mwaka 2024. Ya tatu ndiyo inayofuata. Zile mbili ziliingia sokoni kwenye PS5 na kompyuta kwa dola 70 kila moja. Ya tatu nayo ikija kwa bei hiyo, jumla ya bei hizo za uzinduzi ni dola 210, ambazo ni shilingi 27,300 za Kenya au 546,000 za Tanzania, kusikia hadithi ambayo ya asili inakusimulia kwa 1,560 au 31,200.

Simaanishi kwamba matoleo mapya ni ubadhirifu. Remake inachukua jiji la Midgar, ambalo katika ile ya zamani unalipita kwa saa chache za mwanzo, na kulifanya gemu kamili. Vibanda vya chini ya bamba la chuma vina watu wenye majina, shida na utani wao. Mapambano yake ni mchanganyiko wa vidole na zamu uliofanikiwa kuliko yote ambayo kampuni hii imejaribu: unakimbia na kupiga, kisha unabonyeza kitufe kimoja na dunia inakwenda taratibu mno huku unachagua uchawi kama zamani. Asiyependa haraka anaweza kuweka namna iitwayo Classic, ambapo wahusika hujikinga na kupiga wenyewe, yeye akabaki na maagizo tu. Rebirth ni pana zaidi, na anayefanya kila kitu pembeni anaweza kuvuka saa 100.

Ninachosema ni kwamba Remake haijitoshelezi. Inacheza na kumbukumbu za mtu aliyeijua ile ya 1997, na kuna mambo mwishoni mwake ambayo asiyeijua atayaona ni vurugu. Kwa hiyo anza na ya dola 12. Picha zake zimezeeka, mikono ya wahusika ni kama vipande vya mbao, lakini baada ya saa mbili huzioni tena. Ukiipenda, hizo 70 zitakuwa na maana. Usipoipenda, umejiokolea pesa nyingi.

Na hesabu ya Rebirth haiishii kwenye bei. Toleo la kompyuta linadai nafasi ya GB 155 kwenye SSD. XVI inadai GB 170. Anayetumia bando la simu achukue gharama yake ya GB moja na kuizidisha kwa 155 kabla ya kubonyeza kununua. Kadi ya picha nayo ni gharama: kwa Rebirth, kiwango cha chini kabisa kinachotajwa ni RTX 2060. VII ya asili na IX huenda hata kwenye laptopu ya ofisini.

IX ndiyo ninayompa mtu asiyependa kitu chenye giza. Ilitoka mwaka 2000, ni ya kurudi kwenye ngome, mabinti wa kifalme na majumba ya maigizo, na chini ya uchangamfu huo kuna tafakuri ya kifo ambayo mtoto wa miaka 12 ataielewa. Dola 21 hivi, iwe kwa simu au kompyuta. Ina swichi za kuharakisha mwendo na kuzima mapambano ya kushtukiza, na wapenzi wake wametengeneza nyongeza ya bure ya kompyuta, Moguri, inayosafisha picha za mandhari kwa ustadi wa kustaajabisha.

Kuna pia suala la lugha, ambalo mnunuzi wa kwetu asilipuuze. Hakuna gemu hata moja ya mfululizo mkuu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Utasoma Kiingereza, na utasoma kingi. Katika gemu za I hadi IX hakuna sauti za wahusika, na karibu muda wote maandishi hukungoja mpaka ubonyeze. Kuanzia X watu wanasema, na wakisema hawakungoji. Kwa kijana anayejifunza Kiingereza, zile za zamani ni rafiki zaidi.

Gemu sita za mwanzo zimesafishwa upya kwa jina la Pixel Remaster, kuanzia 2021. Mbili za kwanza zilipangiwa kama dola 12 kila moja, nne zilizobaki kama 18, na furushi la zote sita kama 75. Usinunue furushi. Gemu ya I ni ya kihistoria na ni fupi, lakini ya II ina utaratibu wa kukuza nguvu kwa kutumia kila kitu mara nyingi, hata kupigwa ili uhai uongezeke, na wengi huishia njiani. Chukua VI ya mwaka 1994, yenye wahusika 14 na mwovu ambaye, tofauti na waovu wengi, katikati ya hadithi anafanikiwa. Baada ya hapo chukua V, yenye mfumo wa kazi: mtu yuleyule leo ni shujaa wa upanga, kesho mganga, keshokutwa mwizi, na ujuzi wa jana anauchukua kwenda nao. Hizi mbili ni kama dola 36 kwa pamoja, nusu ya bei ya furushi, na ndizo zenye mafuta. Faili zake ni ndogo pia, kwa hiyo bando halitakulilia.

XII kwa dola 50 ni ghali ikiwa bila punguzo, isubiri. XIII ina picha za kupendeza na saa nyingi za mwanzo za kutembea njia moja. XV ina urafiki wa vijana wanne ndani ya gari unaogusa kweli, na hadithi ambayo vipande vyake vingine viliuzwa kando. Ukiitaka, chukua toleo lenye kila kitu.

XVI ni suala jingine. Imesimamiwa na Naoki Yoshida, na mapambano yake yalibuniwa na Ryota Suzuki aliyetoka kwenye gemu ya Devil May Cry 5. Unamwendesha Clive peke yake. Hakuna kupanga kikundi wala kuagiza mganga. Ni gemu ya watu wazima, yenye damu na matusi, isiyofaa kununuliwa mtoto kwa kuona neno Fantasy kwenye boksi. Mapambano ya majitu yake yanashangaza macho. Lakini aliyekuja kutafuta zile raha za foleni na mipango nilizozieleza kwenye X hatazikuta hapa, na kwenye PS5 ilianza kuuzwa dola 70. Naiheshimu, siwezi kumpa mtu kuwa ya kwanza.

Kuna ya bure pia, na nyingine zinazojiita za bure, na tofauti yake ni kubwa. XIV ni ya mtandaoni, ilizinduliwa 2010, ikaharibika, ikajengwa upya na kurudi 2013. Jaribio lake la bure halina kikomo cha muda: unacheza gemu ya msingi na nyongeza mbili, Heavensward na Stormblood, hadi leveli ya 70. Ni mamia ya saa bila kulipa hata senti. Vizuizi vipo: hutaweza kutumia soko la wachezaji, kuanzisha kikundi mwenyewe, wala kushika zaidi ya gil 300,000, yaani pesa za ndani ya gemu. Ukishalipia akaunti hiyo huwezi kuirudisha kwenye jaribio, na ada ya chini ni karibu dola 13 kwa mwezi, yaani dola 156 kwa mwaka. Maliza kila kilicho bure kwanza. Kumbuka pia kwamba hakuna seva za Afrika. Utaunganishwa na Ulaya, na intaneti ikiyumba utaona pigo la adui likikupata baada ya kuwa umeshakwepa.

Zile zinazojiita za bure ni za simu, ambapo unalipa upate nafasi ya kubahatisha silaha au mhusika. Final Fantasy Record Keeper ilifungwa kwa wachezaji wa kimataifa mwaka 2022. Dissidia Opera Omnia ilifungwa Februari 2024, na Brave Exvius ya kimataifa ikafuata mwaka huohuo. Vilivyonunuliwa humo vilizimwa pamoja na seva. Shilingi 1,500 za Kenya unazotumia kubahatisha upanga mmoja zinakaribia bei ya VII nzima ya 1997, ambayo hakuna seva ya kuizima.

Mwisho ni wapi pa kununua. Steam inatoza kwa dola, na kwa Kenya kadi pepe ya M-PESA GlobalPay inarahisisha malipo. Duka la PlayStation halina kanda ya Kenya wala Tanzania, kwa hiyo wengi hutumia akaunti za nchi nyingine na kadi za zawadi. Hapo kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, na nyongeza unayonunua iwe ya kanda ileile ya diski, vinginevyo pesa imekwenda. Kwa mwenye PS4 au PS5, diski ya mtumba ndiyo njia ninayoiamini: Remake ya PS4 huja na diski mbili, uzikague zote mikwaruzo, ucheze, kisha uiuze uchukue nyingine. Uliyoipakua huwezi kuiuza. Na kabla ya kuchukua PS5, hakikisha ina sehemu ya kuingiza diski, kwa kuwa kuna isiyokuwa nayo.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye simu tu anunue VI, kisha IX. Mwenye laptopu ya kawaida anunue X/X-2 wakati wa punguzo, na VII ya 1997 kando yake. Mwenye mashine yenye nguvu lakini hana pesa aingie XIV ya bure leo. Dola 70 ziache mfukoni mpaka mojawapo ya hizi ikupe sababu ya kuzitoa.